Kiuno kimoja, vipimo viwili: fizio wa kwanza kapata sentimita 3, wa pili 6. Nimwamini nani?

#1 Dereva_Tunduma
Wakuu, salaam. Nina miaka 31, naendesha lori Dar–Tunduma, huu mwaka wa saba. Tangu Januari kiuno kinakaza. Nikiamka siwezi kuvaa soksi mpaka nitembee tembee kama nusu saa hivi, ndipo kinaachia.

Nikaenda hospitali moja. Fizio (mtaalamu wa tiba ya mazoezi) akanisimamisha, akapandisha shati, akanichora alama mbili mgongoni kwa kalamu ya wino, akanishikia futi ya fundi cherehani. Akaniambia niiname niguse vidole vya miguu bila kukunja magoti. Akasoma: "Imeongezeka sentimita 3. Kiuno chako kimekakamaa." Akaniandikia mazoezi.

Wiki tatu baadaye nikiwa mkoa mwingine nikaingia kliniki nyingine. Kipimo kilekile, futi ileile ya ushonaji, kuinama kulekule. Huyu akasema sentimita 6, niko sawa kabisa, uchovu wa safari tu.

Sasa kiuno ni hiki hiki kimoja. Mazoezi yenyewe nilifanya siku nne tu, nisiseme uongo. Nani kakosea?

#2 Fizio_wa_Kanda
Pole mkuu. Kabla ya kumhukumu mtu, jibu hili: walianza na sentimita ngapi kati ya alama na alama? 10 au 15?

Kipimo hicho kinaitwa Schober. Kuna cha asili na kuna kilichoboreshwa. Cha asili unaweka alama pale kiuno kinapokutana na mfupa wa sakramu (ule mpana ulio nyuma, chini ya kiuno), ya pili sentimita 10 juu yake. Kilichoboreshwa unaongeza alama nyingine sentimita 5 chini, umbali wote unakuwa 15. Ukipimwa kwa cha asili mara ya kwanza na kilichoboreshwa mara ya pili, hutakiwi kulinganisha majibu.

#3 Dereva_Tunduma
Aisee! Wa kwanza alisema "kutoka kumi imefika kumi na tatu". Wa pili sikumsikia akitaja, ila alama zilikuwa tatu. Mke wangu ndiye aliyezifuta kwa spiriti jioni, akaniuliza nimechorwa nini mgongoni.

#4 Mzee_Hesabu
Basi imekwisha. 10 ikienda 13 ni ongezeko la asilimia 30. Asilimia 30 ya 15 ni 4.5. Kwa hiyo ulitakiwa kupata 4.5, umepata 6. Bado kuna sentimita moja na nusu haina mwenyewe.

#5 Fizio_wa_Kanda
Mzee, hesabu yako ni safi ila mwili haukubali. Zile sentimita 5 za chini ziko kwenye sakramu yenyewe, na sakramu ni pingili zilizoungana, haipindi. Mfupa hapo hauongezi kitu. Huwezi kuzidisha kana kwamba mgongo wote ni mpira mmoja.

#6 Mwanafunzi_MD4
Naongezea. Schober alikuwa daktari wa Uswisi, kipimo chake kilitoka 1969, na chini ya sentimita 5 maana yake una ugonjwa wa mgongo kuungana.

#7 Fizio_wa_Kanda
Mdogo wangu, hapo umechanganya karibu vyote. Paul Schober alikuwa Mjerumani na alikiandika 1937. 1969 ni Macrae na Wright wa Uingereza, hao ndio walioongeza zile sentimita 5 za chini. Waliona ngozi ya pale juu inateleza mtu akiinama, alama inahama kutoka kwenye mfupa wake, lakini ngozi ya chini imeshikwa zaidi. Wakalinganisha na eksirei, cha 15 kikaendana nayo vizuri kuliko cha 10. Tena ukikosea kidogo mahali pa kuweka alama, cha 15 hakikuadhibu sana kama cha 10.

Na hilo la mwisho liangalie sana. Chini ya 5 haimaanishi una ugonjwa wowote. Inamaanisha kiuno hakikufunguka siku hiyo. Kwa nini hakikufunguka, hilo ni swali jingine.

#8 Mwanafunzi_MD4
Nimepokea, asante kaka. Nilisoma haraka kabla ya mtihani.

#9 Nesi_wa_Zamu
Mie naona tatizo liko kwenye alama ya kwanza kabisa. Watu wengi wanabahatisha. Njia ninayoijua: simama nyuma ya mgonjwa, weka viganja juu ya kingo za mifupa ya nyonga, vidole gumba vikutane katikati ya mgongo. Hapo uko karibu na pingili ya nne ya kiuno. Halafu shuka. Au tafuta vile vishimo viwili vilivyo juu ya makalio, chora mstari kati yao, hapo umeshaingia kwenye sakramu.

Kwa mtu mwembamba utaviona hata kwa mwanga wa dirisha. Kwa mtu mwenye mwili itabidi uvitafute kwa kidole, na hapo watu wawili watapata sehemu mbili. Ukiweka alama juu kupita kiasi au chini kupita kiasi, umepima kipande kingine cha mgongo.

#10 Fundi_Cherehani_Kariakoo
Mmetaja futi yangu, niacheni niseme. Futi za plastiki zinavutika! Futi ukiitumia miaka mitatu na kuivuta kila siku inarefuka, nimeshaharibu suruali ya mteja kwa sababu hiyo. Tena kile chuma cha mwanzoni kikilegea unapoteza milimita kadhaa. Mimi kila mwezi naiweka futi juu ya rula ya chuma. Waulizeni hao mafizio mara ya mwisho waliikagua lini.

#11 Mzee_Hesabu
Fundi nakuheshimu, ila hapa haikuokoi. Futi iliyovutika imetumika kuweka zile 10 na imetumika tena kusoma 13. Kosa liko pande zote mbili, uwiano unabaki uleule. Labda kama walichora kwa rula na kusoma kwa futi.

#12 Fundi_Cherehani_Kariakoo
Sawa mzee, hilo nimelikubali. Lakini jinsi ya kuishika? Mtu akiinama mgongo unakuwa kama upinde. Futi ukiilaza igusane na ngozi unasoma kingine, ukiivuta ikae juu kama kamba ya upinde unasoma pungufu. Mimi nikipima mzunguko wa mgongo wa mtu mwenye kibiongo najua hilo.

#13 Fizio_wa_Kanda
Hapo fundi umepiga penyewe. Futi inatakiwa ilale kwenye ngozi. Sifuri unaishikiza kwa kidole kwenye alama ya chini, mtu anainama, futi inateleza chini ya kidole chako kingine kilichoko kwenye alama ya juu. Ukiiachia ukaishika upya akiwa ameshainama, umeshapoteza.

#14 Mpemba_wa_Wete
Assalaam alaykum. Mie nina swali jengine. Kaka yangu ana kiuno kigumu tangu ujana, lakini anainama anaweka viganja vizima chini sakafuni. Daktari mmoja alimtazama akasema huyu mzima. Vipi hapo?

#15 Fizio_wa_Kanda
Wa alaykum salaam. Kugusa chini hakupimi kiuno peke yake. Nyonga zikiwa laini na misuli ya nyuma ya mapaja ikiwa mirefu, mtu anafika sakafuni na kiuno chake kimenyooka kama ubao. Na kinyume chake, mwenye kiuno kizuri akiwa na misuli ya mapaja iliyokaza anaishia magotini. Ndiyo maana Schober alichora alama kwenye kiuno chenyewe.

#16 Mpemba_wa_Wete
Sasa nimefahamu! Ni kama rukuu. Chuoni ustadhi alikuwa akitupitishia mkono mgongoni, anataka mgongo unyooke sawasawa, usijipinde. Unainama kweli, umefika digirii tisini, lakini kiuno hakijakunjika hata kidogo, zote ni nyonga. Kaka yangu rukuu yake ni nzuri mno, kila mtu anaisifu. Kumbe huenda ni ule ugumu.

#17 Nesi_wa_Zamu
Maelezo mazuri kuliko ya kitabu hayo. Nitayatumia.

#18 Mwenda_wa_Mwea
Habari zenu kutoka Kenya. Huku kwetu mama zetu wanapanda mpunga wakiwa wameinama kutoka asubuhi hadi saa nane, miguu imenyooka, matope hadi kwenye mashavu ya miguu. Nyanya yangu ana zaidi ya miaka 70 na bado anainama hivyo. Je, kazi kama hiyo inakifanya kiuno kiwe laini ama inakiharibu? Maana mimi nikiinama dakika kumi tu nashika mti.

#19 Mzee_Hesabu
Kijana unashika mti na bibi yako yuko shambani! Njoo Ifakara tukufundishe jembe.

#20 Mwenda_wa_Mwea
Mzee nitakuja, lakini ujibu swali kwanza.

#21 Fizio_wa_Kanda
Ukimtazama nyanya kwa pembeni, utaona mara nyingi anakunja nyonga na mgongo unabaki umenyooka, kama alivyosema Mpemba. Kwa hiyo kuinama kwake kutwa hakutuambii Schober yake ni ngapi. Na kiuno hupungua kufunguka kadiri umri unavyopanda, hata kwa mtu asiyeumwa. Moll na Wright walipima watu wazima wasio na ugonjwa 1971 wakaliona hilo. Waliona pia wanaume wanazidi wanawake kwenye kuinama mbele na kujinyoosha nyuma, wanawake wanazidi kwenye kupinda ubavuni.

#22 Binti_Lamu
Kupinda ubavuni wanawake tunazidi? Hilo kwetu Pwani hatukuhitaji daktari, njooni muone chakacha harusini!

#23 Dereva_Tunduma
Dada, uzi wangu unaelekea harusini na mimi bado siwezi kuvaa soksi 😂

#24 Binti_Lamu
Pole kakangu. Lakini nina hoja. Kiuno hakifanyi kazi ya kuinama mbele tu. Kuna pembeni, kuna nyuma, kuna kuzunguka. Mbona wanakupima njia moja kisha wanatoa hukumu ya kiuno chote?

#25 Muscat_Mswahili
Binti yuko sawa. Mimi nina huo ugonjwa wa pingili kuungana, mwaka wa tisa sasa. Kliniki yangu huku Oman hawaishii kwenye Schober. Nasimama kisigino ukutani wanapima kutoka kile kinundu cha sikio hadi ukutani. Nageuza shingo kulia kushoto. Nateleza mkono pajani kupinda ubavuni. Nalala natanua miguu wanapima kati ya vifundo vya miguu. Vitu vitano, wanavitolea alama moja, inaitwa BASMI, ilitungwa Bath, Uingereza, ikachapishwa 1994. Kwenye alama zile za mwanzo, kiuno kikizidi sentimita 4 unapata sifuri, 2 hadi 4 unapata moja, chini ya 2 unapata mbili.

Dereva, naomba unisikilize kama ndugu. Sentimita waachie wao kwanza. Kilichonishtua ni kwamba ukiamka umekaza na ukitembea kinaachia. Mimi nilianza hivyo hivyo nikiwa na miaka 26. Je, ukipumzika siku nzima unapata nafuu au unazidi? Usiku wa manane unaamka kwa maumivu?

#26 Dereva_Tunduma
Kupumzika ndiyo mbaya zaidi. Siku za mapumziko nyumbani naumia kuliko nikiwa safarini. Na ndiyo, kama saa tisa usiku naamka, nazunguka sebuleni, narudi kulala.

#27 Fizio_wa_Kanda
Muscat kaka, umeuliza maswali yanayotakiwa. Maumivu yaliyoanza polepole kabla ya miaka 40, yamepita miezi mitatu, yanapungua kwa kujongea na hayapungui kwa kupumzika, yanaamsha usiku: hayo yanatakiwa kuchunguzwa, Schober iwe 3 au iwe 6. Mwanzoni mwa ugonjwa huo kiuno kinaweza kupima kawaida kabisa. Dereva, nenda kwa daktari wa viungo, waangalie maungio ya nyonga na sakramu kwa picha.

#28 Mwanafunzi_MD4
Nilisoma ugonjwa huo ni nadra kwetu kwa sababu kile kinasaba cha HLA-B27 ni kichache kwa Waafrika wa kusini mwa Sahara. Je, tusimtishe bure?

#29 Muscat_Mswahili
Nadra ndiyo, kutokuwepo hapana. Na wapo wagonjwa Waafrika ambao kinasaba hicho hawana na ugonjwa wanao. Mimi mwenyewe kipimo cha B27 kilitoka hakipo, nikapoteza mwaka mzima nikiambiwa "si hicho". Naumia nikikumbuka.

#30 Nesi_wa_Zamu
Kwetu huku msisahau kifua kikuu cha uti wa mgongo. Hicho si nadra. Nilikuwa wodi ya watoto, akaletwa mtoto wa miaka mitano, mama anasema tu "amekuwa mvivu kucheza". Daktari akadondosha kalamu sakafuni akamwambia mtoto amwokotee. Mtoto hakuinama. Alichuchumaa taratibu, mgongo umenyooka wima, mkono mmoja kashika paja lake, akaokota, akapanda tena kwa kujikwea mapajani. Daktari hakuhitaji futi. Picha ilionyesha pingili mbili zimeliwa.

Dereva, una homa za jioni, jasho la usiku, kupungua uzito, kikohozi?

#31 Dereva_Tunduma
Hapana, nesi. Uzito umeongezeka hata. Asante kwa kuuliza.

#32 Nesi_wa_Zamu
Afadhali. Na ukiona miguu inaisha nguvu, ganzi sehemu unayokalia, au mkojo unagoma, usisubiri miadi. Hospitali siku hiyohiyo.

#33 Mama_Tatu
Nimesoma uzi wote. Hakuna aliyeuliza saa. Ulipimwa saa ngapi?

#34 Dereva_Tunduma
Shikamoo mama. Cha kwanza saa mbili asubuhi, nilikuwa nimelala kwenye kabini ya gari. Cha pili kama saa kumi jioni.

#35 Mama_Tatu
Marahaba mwanangu. Nimefanya fiziotherapia miaka 22. Asubuhi zile diski kati ya pingili zimenyonya maji usiku kucha, zimejaa, kiuno hakikunjiki vizuri hata kwa mtu mzima wa afya. Mchana uzito unayakamua. Ndiyo maana asubuhi mtu ni mrefu kidogo kuliko jioni. Wewe una ugumu wako wa asubuhi juu yake. Ungepimwa na mtu mmoja, futi moja, alama zilezile, bado asubuhi na jioni visingelingana.

#36 Fizio_wa_Kanda
Mama, naheshimu, ila tofauti ya asubuhi na jioni sidhani inafika kubeba yote haya. Mimi bado nashika 10 na 15.

#37 Mama_Tatu
Sikusema inabeba yote, baba. Na wewe umesahau jingine: wa kwanza alimwambia aguse vidole, je, aliinama mpaka mwisho au aliishia maumivu yalipoanza?

#38 Dereva_Tunduma
Ya kwanza niliishia njiani kwa maumivu, akasema "inatosha". Ya pili alinihimiza, "endelea, endelea kidogo", na nilikuwa nimemeza dawa ya maumivu mchana.

#39 Mzee_Hesabu
Basi sasa tuna alama tofauti, saa tofauti, dawa, kuinama tofauti, na mkono wa futi. Ile sentimita moja na nusu yangu imepata wenyewe watano.

#40 Mwanafunzi_MD4
Na wa sita: kuna watu pingili ya tano ya kiuno imeungana na sakramu tangu kuzaliwa, au ya kwanza ya sakramu imejitenga. Kwa watu hao hata ile alama ya kuanzia unaihesabu wapi? Hili nimelihakiki kabla ya kuandika, kaka Fizio.

#41 Fizio_wa_Kanda
Hilo ni kweli, na bila picha hutalijua. Umeniweza.

#42 Dereva_Tunduma
Wakuu, mrejesho. Jana nilikuwa mapumziko, nikamfuata fizio wa tatu, nikamsomea uzi huu kwenye simu. Amecheka, akakubali kunipima mara mbili siku moja. Amechora alama zote tatu kwa wino usiofutika haraka, futi ameilaza kwenye ngozi.

Saa moja na nusu asubuhi, bila dawa: kumi ikawa 13.2, kumi na tano ikawa 18.9.
Saa kumi na moja jioni, alama zilezile: kumi ikawa 14.1, kumi na tano ikawa 20.

Ameandika yote manne kwenye kadi, na saa pembeni. Amenipa barua ya rufaa kwa daktari wa viungo, picha ya nyonga wiki ijayo.

#43 Mzee_Hesabu
Asubuhi zile 5 za chini zimeongeza sentimita 0.7, jioni 0.9. Fizio, si ulisema mfupa wa hapo hauongezi kitu?

#44 Fizio_wa_Kanda
Mfupa hauongezi. Ngozi inaongeza.

#45 Mama_Tatu
Au alama ya katikati ilikaa juu kidogo ya pale ilipotakiwa, kwa hiyo kipande cha kiuno kikahesabiwa chini. Mwanangu, ukipigwa hiyo picha, mwombe akubandikie kipande kidogo cha chuma kwenye alama ya katikati. Nataka kuiona iko juu ya pingili ipi.

#46 Dereva_Tunduma
Nitamwomba mama. Alama bado zipo, mke wangu nimemkataza kugusa spiriti.

#47 Mpemba_wa_Wete
Na mie namchukua kaka yangu Jumatatu. Nimeshanunua futi mpya na rula ya chuma ya kuikagulia.